Jinsi mwanajeshi mstaafu anavyoweza kuthibitisha kuwa ulemavu wake ulitokana na kazi

ELDORET hufahamika kwa wanariadha na mahindi, ila ni mji wa wanajeshi pia. Makurutu wa jeshi la Kenya hufunzwa katika kambi ya Moi Barracks, na ni kutoka kambi hiyo walikotoka askari wengi walioshambuliwa na Al-Shabaab huko El Adde, Somalia, Januari 15, 2016. Ibada ya kuwakumbuka waliouawa ilifanyika kambini humo Januari 27 mwaka huo.

Kwa askari anayerejea nyumbani na jeraha, swali gumu huwa si kama anaugua. Swali huwa ni iwapo ugonjwa huo ulisababishwa au kuzidishwa na utumishi wake.

Wengi hudhani kuwa wanalindwa na Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sivyo. Sheria hiyo inawahusu wafanyakazi wa serikali, lakini imewatenga waziwazi wanajeshi. Madai yao hupitia Wizara ya Ulinzi, chini ya kanuni za jeshi za pensheni na kiinua mgongo, na uamuzi hutegemea sana ripoti ya bodi ya madaktari.

Mdai anahitaji mambo matatu: ushahidi wa daktari kuhusu hali yake ya sasa, ushahidi wa tukio au mazingira ya kazi yaliyomdhuru, na maelezo yanayounganisha mawili hayo. Hilo la tatu ndilo huangusha madai mengi. Barua inayosema tu kuwa mgonjwa "anaumwa mgongo" haisaidii kitu. Daktari, awe wa jeshi au wa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, anafaa kueleza kwamba amesoma rekodi za awali, ataje tukio lenyewe na kufafanua kwa nini anaamini ndilo chanzo.

Chukua mfano wa askari wa mizinga aliyepoteza uwezo wa kusikia. Matokeo ya vipimo vya masikio alipoandikwa kazi yakilinganishwa na ya siku alipoondoka, tofauti itajieleza. Lakini asipopimwa alipokuwa akiondoka, akaja kupimwa miaka kumi baadaye, ataulizwa kama si uzee au kelele za kinu cha kusaga alichoendesha baada ya kustaafu. Heri apimwe kabla ya kuvua sare.

Maradhi ya akili ni mtihani mkubwa zaidi. Jinamizi na mshtuko wa vita huweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya mapigano, na kambini kuna dhana potovu kuwa askari anayemwendea daktari kwa sababu ya kukosa usingizi ni mnyonge. Hivyo faili huwa tupu. Hapo hati za kiapo za wenzake huwa na thamani, mradi zitaje kikosi, mahali na tarehe. Ushuhuda wa mke kuhusu mabadiliko aliyoyaona nao usidharauliwe.

Kwa waliojeruhiwa katika vikosi vya Umoja wa Mataifa, kuna njia nyingine. Mwaka 1997 Baraza Kuu la umoja huo liliweka fidia ya kifo kuwa dola 50,000, huku mlemavu akilipwa sehemu ya kiwango cha kifo kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu wake. Askari hawasilishi dai hilo mwenyewe. Hufanya hivyo serikali yake, na pesa hupitia kwake. Kwa hivyo ripoti ya tukio iliyoandikwa huko ugenini ni lazima ifuatiliwe mapema.

Mstaafu asiye na nakala za rekodi zake anaweza kuziomba kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, inayotaka jibu katika siku 21. Akinyimwa, anaweza kulalamika kwa Ombudsman. Dai likikataliwa, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi.

Asikawie, hata hivyo. Kesi dhidi ya serikali kuhusu madhara yaliyotokana na uzembe hufaa kufunguliwa katika miezi 12, na ile ya mkataba katika miaka mitatu. Kuandikiana barua na wizara hakusimamishi hesabu ya muda huo.