McFarland: mtu wa tano ndiye anayeleta kombe

Novemba 1987, katika bustani ya Woodward Park mjini Fresno, jimbo la California nchini Marekani, vijana wa sekondari walijipanga kwenye mstari kwa mbio za nyika. Ilikuwa mara ya kwanza jimbo zima kukutanisha shule zake katika mbio hizo. Miaka yote ya nyuma kila kanda ilimaliza msimu wake peke yake. Shule ya kusini ilijiita bingwa, ya kaskazini nayo ikajiita bingwa, na mabishano hayakuisha kwa sababu hawakukutana. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kukata maneno. Katika daraja la tatu, kombe lilichukuliwa na shule ya McFarland, mji mdogo wa vibarua wa mashamba.

McFarland iko kaskazini mwa Bakersfield, katika bonde kubwa linalolisha Amerika: zabibu, lozi, machungwa, pamba. Wenyeji wengi ni watu wa asili ya Meksiko. Kazi yao ni kuchuma na kukata matawi, na wanalipwa kwa msimu au kwa sanduku. Familia inahama kufuata mavuno, mtoto anabadilisha shule katikati ya mwaka, na kaka mkubwa anaamka kabla ya jua kutoka ili asaidie baba shambani kisha akimbilie darasani. Anayesoma haya akiwa katika kambi ya wahamishwa, au katika nyumba ya jamaa aliyempokea, anaelewa bila kufafanuliwa zaidi.

Mwalimu Jim White alifika hapo mwaka 1964. Mwaka uliofuata, Septemba 1965, wavuna zabibu wa Delano, mji jirani, waligoma wakidai malipo bora. Ulikuwa mgomo mrefu uliomfanya César Chávez ajulikane nchi nzima. Miaka ya 1980 McFarland ikapata sifa nyingine mbaya: saratani iliwapata watoto wengi kuliko kawaida, na wazazi wakanyooshea kidole dawa za mashambani. Mwaka 1988 Chávez alifunga kula kwa siku 36 mjini Delano kupinga dawa hizo. Kwa hiyo wakati vijana wanafunga kamba za viatu pale Fresno, nyumbani watu walikuwa wakizika watoto na kuuliza maji yao yana nini.

White alianza kufundisha mbio za nyika mwaka 1980. Filamu ya Disney ya mwaka 2015, ambayo Kevin Costner anaigiza kama yeye, inamwonyesha kana kwamba amefika mwaka 1987, mgeni asiyejua hata chakula cha wenyeji, na akashinda msimu huohuo. Sinema inataka haraka. Ukweli ni kwamba alikuwa amekaa miaka 23 katika mji ule na kufundisha mbio miaka saba kabla ya kombe la kwanza. Vijana walimwita Blanco, yaani Mweupe, jambo ambalo pia ndilo jina lake.

Ili kuelewa walivyoshinda, lazima kujua hesabu ya mchezo huu, kwani wengi hudhani anayefika wa kwanza ndiye ameshinda kwa ajili ya shule yake. Sivyo. Shule inapanga wakimbiaji saba. Watano wa kwanza wa shule hiyo kufika ndio wanaohesabiwa, na nafasi ya kila mmoja ni pointi zake: wa kwanza pointi moja, wa kumi pointi kumi. Pointi zinajumlishwa, na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Alama safi kabisa ni 15, yaani 1, 2, 3, 4 na 5.

Chukua mfano. Shule moja inapata nafasi ya 1, 2, 3, 30 na 41. Uwanja mzima unapiga makofi, magazeti yanapiga picha. Jumla yake ni 77. Shule nyingine haina hata mmoja katika nane bora, lakini vijana wake wanafika 9, 12, 14, 16 na 19. Jumla ni 70, na kombe ni lao. Wale wawili wa mwisho, wa sita na wa saba, hawahesabiwi, lakini wakimpita mkimbiaji wa wapinzani wanamsukuma nyuma na kumwongezea pointi. Timu mbili zikilingana, mtu wa sita ndiye anayeamua.

Hapo ndipo uhasama wa mchezo huu ulipo, na ndipo utamu wake. Wa kwanza anakimbia na saa. Wa tano anakimbia na shati. Anatafuta mbele yake rangi ya shule pinzani, anaihesabu, kisha anajiuliza kama miguu yake inaweza kununua nafasi mbili zaidi kabla ya mstari. Kocha mzuri hashughuliki sana na nyota wake. Anapima dakika zilizopo kati ya mtu wake wa kwanza na wa tano, na kazi yake ya mwaka mzima ni kuzipunguza. Shule maskini haiwezi kumnunua kijana mwenye kipaji, lakini inaweza kuwafanya vijana watano wakimbie karibu karibu, mradi wafike mazoezini kila siku.

Na kufika mazoezini ndiko kulikokuwa kugumu McFarland. Msimu wa mbio unaanza kati ya Agosti na Septemba na kuisha Novemba. Zabibu nazo zinachumwa miezi ileile. Kila saa ambayo kijana alikimbia ilikuwa saa ambayo nyumbani ilikosa mkono mmoja. Mzazi aliyekataa hakuwa mbaya. Alikuwa na hesabu yake ya sanduku na kodi ya nyumba. Vijana walifanya yote mawili, kuchuma na kukimbia, na White akawafuata kwenye barabara za vumbi kati ya miti ya lozi akiwa juu ya baiskeli. Aliwapeleka pia kuona bahari, kwani kuna waliokuwa hawajawahi kuiona ingawa jimbo lao liko pwani.

Baada ya 1987 shule ilirudi Fresno mara nyingi. Kufikia 2001 ilikuwa na vikombe 9 vya jimbo, na vitano kati yake vilifuatana, kutoka 1992 hadi 1996. Mji uliozoea kutajwa kwa dawa na saratani sasa ulitajwa kwa miguu ya watoto wake. Wapinzani walikuja kuangalia McFarland inapasha moto wapi, na na nani.

Hesabu hii ya timu haiko Marekani tu. Kenya ilishinda taji la timu la wanaume katika mbio za nyika za dunia miaka 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003. Mwaka 1988 kule Auckland, wakati ambapo sita ndio waliohesabiwa, ilipata pointi 23. Kiwango kisichoweza kushukiwa ni 21. Ushindi wa namna hiyo haupatikani kwa nyota mmoja, hata awe John Ngugi.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja: mkimbizi na mkimbiaji. Lopez Lomong wa Sudan Kusini amekuwa yote mawili. Alitekwa na askari kanisani akiwa na miaka sita, akatoroka, akaishi miaka kumi katika kambi ya Kakuma kaskazini mwa Kenya. Amesimulia kwamba wavulana pale walitakiwa kuizunguka kambi yote kwa mbio kabla ya kuruhusiwa kucheza mpira. Mwaka 2001 alipokelewa na familia huko Tully, jimbo la New York, akaingia timu ya mbio za nyika ya sekondari. Mwaka 2008 aliibeba bendera ya Marekani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing.

Vijana wa 1987 hawakufika Olimpiki. Kadhaa kati yao walipata masomo ya juu, wa kwanza katika familia zao, kisha wakarudi McFarland kama walimu na makocha. Mashamba bado yapo, na msimu wa mbio bado unaanza zabibu zikiwa hazijaisha kuchumwa.