Baiskeli na alama ya kusimama

Alama ya kusimama ni alama ya barabarani ya amri, nyekundu, yenye pembe nane, inayomtaka mwendeshaji asimame kabisa penye mstari kabla ya makutano na kuondoka tu njia ikiwa salama. Umbo lake limo katika Mkataba wa Vienna wa 1968. Nchini Tanzania matumizi ya barabara husimamiwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 (Sura ya 168). Baiskeli ni chombo cha usafiri na hulazimika kuitii alama hiyo sawa na gari. Kwingineko sheria ni tofauti: jimbo la Idaho, Marekani, tangu 1982 humruhusu mpanda baiskeli kupunguza mwendo na kupita iwapo njia ni tupu.

Katika kata kama Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, alama ya kusimama huonekana kwa nadra, kwani njia nyingi za vijijini ni za vumbi na makutano yake hayana alama. Uzito wake huanza kwenye lami, mfano Kibaigwa, penye soko la mahindi kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Baiskeli iliyofungwa gunia au madumu ya maji huchelewa kusimama, na kuondoka nayo tena ni kazi. Ndiyo sababu wengi hupita bila kukanyaga chini. Kisheria, mzigo si udhuru.