Roho wa Mauti ya Amani na Ushahidi wa Jina la Sumbawanga

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa mchezo wa Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, watungaji wa michezo ya kuigiza wahusika wamekuwa na haja ya roho za kila namna, kila moja na umbo lake na silaha yake; lakini amtafutaye Afrika Mashariki roho wa mauti ya amani huambiwa upesi kwamba hayupo, kwa kuwa, ati, Mwafrika hakijui kifo kisicho na mchawi. Dai hilo nalipinga, na shahidi wangu mkuu ni jina la mji wa Sumbawanga, huko Ufipa, Tanzania.

Kwamba mauti yana sura nyingi, hapana abishaye. Wagiriki walikuwa na Thanatos, nduguye Usingizi. Wafasiri wa Surat an-Nazi'at hutofautisha malaika waing'oao roho kwa nguvu na wale waitoao kwa upole. Na Waganda wana Walumbe, aliyejificha ardhini huko Tanda, ambaye amani haimo kwake kabisa. Ugomvi wangu ni na wale wamnukuuo mwanaanthropolojia Evans-Pritchard nusunusu. Wazande aliowaandika mwaka 1937 walijua fika kwamba ghala huanguka kwa sababu mchwa wamezila nguzo. Uchawi walioutaja ulijibu swali jingine, yaani kwa nini liwaangukie hawa, na saa ile.

Sasa jina. Sumbawanga, kwa maelezo ya wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi". Hiyo ni amri, na amri hiyo haina maana ila kwa mtu aaminiye kwamba uchawi ni mzigo uwezao kutuliwa mlangoni, na kwamba watu waweza kukaa mjini bila ya huo mzigo. Nao mji usio na uchawi haukosi makaburi. Mauti yanayobaki humo ni yapi, basi, kama si yale yasiyo na adui? Mwanaanthropolojia mwingine, Audrey Richards, alieleza katika miaka ya 1930 jinsi Wabemba, majirani wa Ufipa, walivyopita mmoja mmoja nyuma ya mtakasaji wa mchape, dawa ya kuondoa uchawi, naye akiwatazama katika kioo kidogo, na pembe za dawa zikasalimishwa na kurundikwa. Na Roy Willis aliikuta harakati ya namna hiyo, Kamcape, miongoni mwa Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rundo lile la pembe ndilo jina la mji likitendwa.

Nitajibiwa kwamba utakaso wenyewe ulizaa tuhuma, na kwamba katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kosa la macho mekundu tu. Ni kweli, na ni dhuluma kubwa. Walakini dhuluma ya watendao haibatilishi shabaha ya jina.

Lugha nayo ilikijua kifo kisicho na adui, ingawa imesahau: hata neno ajali, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni muda uliowekwa, leo twalisikia gari linapopinduka. Miadi imegeuka kuwa kishindo.

Basi nawasihi watungaji: msimpe roho huyu jina la Kifipa la kuzua, wala mundu, wala joho jeusi. Mleteni mikono mitupu, na asiingie nyumba yoyote mpaka pembe zitolewe nje.