Kutoka Moscow hadi Lemera: Kuvunjika kwa Umoja wa Kisovieti na Kuanguka kwa Mobutu

Umoja wa Kisovieti, yaani dola la kikomunisti lililojumuisha jamhuri 15 chini ya Moscow, ulivunjika rasmi mnamo Desemba 1991, na ingawa tukio hilo husimuliwa zaidi kama habari ya Ulaya, athari zake zilifika hadi Lemera, katika milima inayotazama bonde la Ruzizi, teritwari ya Uvira, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo.

Wakati wa Vita Baridi, yaani ushindani wa muda mrefu baina ya kambi ya Marekani na ile ya Moscow, Zaire, yaani Kongo ya leo, chini ya Rais Mobutu Sese Seko ilihesabiwa kuwa ngome dhidi ya ukomunisti. Silaha za Marekani zilipitia kambi ya kijeshi ya Kamina, kusini mwa Zaire, kuwafikia waasi wa UNITA, waliopigana na serikali ya Angola iliyosaidiwa na Wasovieti na Wakuba. Ziwa Tanganyika nalo lilikuwa njia ya mapambano hayo: mwaka 1965 Che Guevara na Wakuba wenzake walivuka kutoka Kigoma ili kuwasaidia waasi wa Fizi, na miaka miwili baadaye Laurent-Désiré Kabila akaanzisha katika milima ya Fizi hiyo hiyo chama cha PRP, kilichofuata itikadi ya Kimarx.

Uhasama wa madola ulipopungua, Mobutu alipoteza thamani yake machoni pa wafadhili. Desemba 1988 ilikubaliwa kwamba majeshi ya Kuba yangeondoka Angola. Desemba 1989 Nicolae Ceaușescu wa Romania, rafiki wa karibu wa Mobutu, aliuawa kwa risasi. Na tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe akatangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Baada ya wanafunzi kuuawa Lubumbashi mwezi uliofuata, Ubelgiji ilisitisha misaada, na Marekani nayo ikapunguza yake. Mnamo Septemba 1991 askari waliochoshwa na mishahara duni walipora Kinshasa, na jeshi lililozoea kuokolewa na wageni likabaki bila mwokozi.

Si haki, hata hivyo, kuitupia Moscow kila msiba wa Kivu, kwa sababu mgogoro wa uraia wa Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kivu Kusini, na mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, yaliyoleta umati wa wakimbizi na wauaji waliojificha miongoni mwao, ndivyo vilivyowasha moto wenyewe. Kilichobadilika ni kwamba moto ulipowaka hakuna dola kubwa lililoona faida ya kuuzima kwa ajili ya Mobutu.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, iliyoongozwa na daktari Denis Mukwege, ilishambuliwa, na wagonjwa pamoja na wauguzi wakauawa. Siku 12 baadaye vyama vinne, PRP cha Kabila kikiwa kimojawapo, viliunda muungano wa AFDL kwa mkataba uliopewa jina la Lemera, na kwa msaada mkubwa wa jeshi la Rwanda muungano huo uliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Muungano uliojiita wa ukombozi uliazima hivyo jina la mahali palipokuwa pametoka tu kumwagwa damu ya wagonjwa.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 kuhusu uhalifu uliotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003 iliyaandika mauaji hayo ya hospitalini, na Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ameendelea kudai mahakama ya kimataifa kwa ajili ya uhalifu huo.