Mdomo wa moto, sehemu ambayo printa haiwezi kujizalia

Huku Pepa, juu ya milima ya Marungu, kipande kidogo cha plastiki kikivunjika, chombo kizima kinalala. Kifuniko cha pampu ya dawa au gurudumu la meno la redio ya kaseti kinasubiri mtu anayeshuka Moba au Kalemie. Kwa hiyo historia ya printa za kuchapa vitu vya plastiki inawahusu mafundi wa hapa kuliko wanavyofikiri.

Printa hiyo inayeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka hadi kitu kipate umbo. Mmarekani Scott Crump aliiombea hati ya uvumbuzi mwaka 1989, na kwa miaka mingi ilibaki mali ya viwanda vyenye pesa. Mwaka 2005, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap: printa inayochapa sehemu za printa nyingine, na michoro yake ni bure kwa kila mtu. Mei 2008 printa ya kwanza ilipata mtoto.

Lakini sehemu moja ilikataa. Printa ya plastiki haiwezi kujichapia mdomo wa moto, maana ungeyeyuka siku ya kwanza. Huo ulibaki kazi ya mikono.

Mafundi wa mwanzo walichukua boliti ya shaba ya manjano, wakaitoboa katikati, wakaacha tundu la nusu milimita kwenye ncha. Walizungushia waya wa nikromu, ndugu ya ule unaowaka katika jiko la umeme, wakaufunika kwa saruji inayostahimili moto. Karibu na ncha walibandika termista, chembe ndogo inayopima joto. Juu waliweka bomba la Teflon, ile ya sufuria zisizoshika chakula, ili joto lisipande na kulainisha uzi kabla ya wakati. Hapo ndipo shida ilikuwa kubwa: Teflon ikipata joto inalegea, uzi unasukuma, na shaba inachomoka. Joto likipita kiasi inatoa moshi wenye sumu, basi dirisha liwe wazi. Baadaye wengine waliacha waya wakatumia rezista ya omu 6.8 ndani ya kipande cha chuma. Kwa volti 12 inatoa wati 21 hivi. Betri ya sola ya nyumbani inaweza kuibeba.

Afrika haikukaa pembeni. Mwaka 2013, Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alijenga printa yake W.Afate kutokana na takataka za elektroniki, kwa dola 100 hivi. Dar es Salaam, kikundi cha STICLab nacho kilijenga printa kwa takataka za namna hiyo. Printa na skana zilizokufa zinatoa mota, vyuma vya kutelezea na mikanda. Mdomo wa moto hazinao, kwa sababu printa ya karatasi haikupewa kazi ya kusukuma plastiki iliyoyeyuka.

Fundi wa Pepa anayelehemu simu ana chuma chenye joto la kutosha mkononi kila siku. Anachokosa ni keekee ya nusu milimita, na ile inavunjika haraka: anunue tatu.