Kasoro za Nyumba Inayouzwa: Walivyohukumu Wanavyuoni Waliotangulia



Miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana misikitini, hasa masika yanapoanza, ni la mtu aliyenunua nyumba wakati wa kiangazi. Aliikuta imepigwa lipu na rangi mpya, akaridhika, akalipa. Mvua ya kwanza ikapasua lipu, ufa ukatoka chini ya dirisha mpaka kwenye lenta, karo la choo likafurika uani. Akimfuata muuzaji hujibiwa: "Si uliiona mwenyewe? Tumeandikishana serikali ya mtaa kwamba umeinunua kama ilivyo." Je, neno hilo "kama ilivyo" linamtoa muuzaji katika dhima?

Wapo wanaodhani kwamba kumwita fundi aikague nyumba kabla ya kuitangaza ni mtindo wa Ulaya na Marekani, ambao mtu wa Tandika au Manzese hauhusiki naye. Atakayefungua vitabu vya fikihi na historia ataona kinyume. Jambo hili Waislamu walilifanyia kazi, wakaliandikia vitabu, na wakawa na mafundi wanaotoa ushahidi mbele ya makadhi kwa ajili yake, zaidi ya miaka mia saba iliyopita.

Asili yake inajulikana. Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye mali akasema imenyeshewa mvua. Akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa anayeghushi hayumo katika njia yake. Ameipokea Muslim. Na katika Hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.) iliyopokewa na Ibn Majah, imekatazwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye kasoro bila ya kumbainishia. Tazama pia hati aliyoandikiwa al-Adda bin Khalid (R.A.), ambayo Tirmidhi ameipokea: ndani yake imetajwa kuwa kilichouzwa hakina ugonjwa, wala uovu, wala hila. Yaani hati ya mauzo ilieleza hali ya kitu chenyewe. Hati zetu za mitaani hutaja bei, mipaka, majirani wa pande nne na mashahidi. Kuhusu hali ya msingi na paa, kwa kawaida hazina hata mstari mmoja.

Tukija kwa mafakihi, sisi watu wa pwani ni Shafi, basi tuanze na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Katika Rawdha ameeleza kwamba anayenunua nyumba ni lazima aone vyumba, dari, juu ya paa, kuta kwa ndani na kwa nje, mahali pa kuogea na shimo la maji machafu. Msomaji na aizingatie orodha hii, kisha ajiulize ni wangapi Dar es Salaam wanaonunua nyumba kwa kusimama sebuleni na kuhesabu vyumba, asipande mtu juu ya dari wala kufunua mfuniko wa chemba.

Nao Mashafi hawakuishia kwenye kuta. Wamehesabu kuwa ni kasoro nyumba kuwa mahali ambapo askari wamezoea kushukia na kukaa, au kuwa jirani na wafuaji nguo ambao vishindo vyao vinaitikisa, au ardhi yake kuwa na kodi nzito kuliko za wenziwe. Kwa hiyo kinachotazamwa ni kile kinachopunguza thamani au kumkosesha mnunuzi lengo lake, hata kama kuta ni nzima kama jiwe. Na katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, ametaja mtu anayezuia maji ya mfereji au ya kinu kisha akayaachia wakati wa kuuza ili yaonekane mengi, na anayempaka mtumwa rangi mashavuni aonekane mwenye afya. Hila hizo zinampa mnunuzi hiari ya kurudisha. Nami sioni tofauti kati ya rangi ya shavu na rangi inayopakwa juu ya ufa.

Lakini aliyelishughulikia suala hili kwa mikono yake ni mtu wa Tunis. Anaitwa Muhammad bin Ibrahim al-Lakhmi, mashuhuri kwa jina la Ibn al-Rami al-Banna, yaani mwashi. Huyu alikuwa fundi wa ujenzi aliyesoma fikihi ya Imamu Malik, akawa anatumwa na kadhi mkuu wa Tunis, Ibn Abd al-Rafi, kwenda kutazama nyumba zenye ugomvi. Hukagua ukuta, huamua ufa ni wa zamani au ni mpya, mfereji wa maji unamdhuru nani, kisha humpelekea kadhi aliyoyaona. Mwishoni mwa maisha yake alikusanya hukumu hizo katika kitabu alichokiita al-I'lan bi Ahkam al-Bunyan. Alifariki karibu na mwaka 734 Hijria (1334). Na kabla yake, huko Andalusia, Isa bin Musa al-Tutili aliyefariki mwaka 386 Hijria (996) alikwishaandika kitabu kizima juu ya hukumu za kuta.

Kwa nini kadhi alimhitaji mwashi? Kwa sababu katika madhehebu ya Malik kasoro za nyumba zina daraja, na daraja haijulikani ila kwa mjuzi. Kasoro ndogo kabisa haimpi mnunuzi kitu. Ya kati inampa kurudishiwa upungufu wa thamani, na nyumba inabaki kwake. Kubwa inampa haki ya kuirudisha nyumba na kuchukua fedha zake. Khalil bin Is-haq, aliyefariki mwaka 776 Hijria (1374), ametoa mifano katika Mukhtasar yake: ufa katika ukuta usiotishia nyumba kuanguka hurejesha thamani tu; ufa huohuo ukiwa upande wa mbele wa nyumba, hukumu hubadilika. Na akataja kisima kutoka maji ya chumvi mahali ambapo visima vya watu ni vya maji matamu, kuwa kasoro ya kurudishia nyumba. Subhanallah! Ni kana kwamba alikuwa akizungumza na watu wanaouziana nyumba zenye visima, kisima kikatajwa katika sifa za nyumba na ladha ya maji yake isitajwe.

Kadhi hawezi kujua kwa kukaa barazani kama ufa ni wa lipu au wa msingi. Ndiyo maana wakasema neno ni la wenye ujuzi. Zama hizohizo Ibn Battuta alipita Tunis mwaka 1325, na mwaka 1331 akawa yupo Mombasa na Kilwa, akashuhudia kuwa watu wake ni Mashafi, watu wa dini na wema. Alikuta majengo mengi ya mbao. Hatudai kwamba kitabu cha yule mwashi kilisafiri naye. Tunasema tu kwamba elimu iliyowalea watu wa Tunis na watu wa Kilwa ilitoka katika chemchemi moja.

Turudi kwenye "kama ilivyo". Katika Muwatta, Imamu Malik amepokea kwamba Abdullah bin Umar (R.A.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakafika kwa Uthman bin Affan (R.A.), naye akaamua Ibn Umar aape kuwa alimuuza bila kujua ugonjwa huo. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1500. Mashafi, katika kauli yenye nguvu kwao, wakasema sharti hilo humtoa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Nyumba haimo. Mahanafi wamelipanua na kulikubali sharti hilo kwa jumla, na khitilafu yao inaheshimiwa. Ila anayejiita Shafi kwenye ndoa na mirathi, asije akawa Hanafi siku ya kuuza nyumba.

Mahakama za serikali zina njia nyingine. Sheria yetu ya Mikataba, ambayo imefuata ile ya India ya mwaka 1872, inasema kukaa kimya peke yake si udanganyifu, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu kusema. Muislamu anaweza akashinda kesi kwa kifungu hicho, na bado akawa amekula mali ya nduguye kwa batili.

Na kasoro za huku kwetu zina majina yake. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi Mbagala, watu wakapoteza maisha na nyumba nyingi zikapata nyufa. Nyumba iliyotikiswa siku ile na kuzibwa kwa lipu, mwenyewe anaijua. Desemba 2011 mafuriko yaliyakumba mabonde ya jiji, Bonde la Msimbazi likiwemo, na baadhi ya waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Alama ya maji ukutani hufutwa kwa kopo moja la rangi. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, upande wa Kimara, zilibomolewa, na aliyefuta alama ya X nyekundu ukutani kisha akauza ameficha kasoro kubwa kuliko ufa wowote. Yote haya yanaingia katika kanuni ya Mashafi tuliyoitaja: kodi nzito na askari wanaoshukia nyumbani si kasoro ya tofali, lakini ni kasoro.

Muuzaji ambaye kweli hajui je? Hukumu ya kurudisha haitazami kama alijua au hakujua. Madhali kasoro ilikuwepo kabla ya kukabidhi, mnunuzi ana haki yake. Kutojua humwondolea dhambi ya kughushi tu. Kwa hiyo faida ya kumwita mwashi mwaminifu kabla ya kumwita dalali ni ya muuzaji mwenyewe kwanza. Apande darini atazame mchwa, apime ufa, afunue karo, aangalie kama mchanga uliojengewa ni wa baharini, maana huo ndio unaomenya lipu kwa chumvi kila mwaka. Kisha yaandikwe katika hati. Na kasoro inayoonekana kwa macho, wanavyuoni wetu hawakutosheka itajwe kwa mdomo. Aonyeshwe mnunuzi mahali pake na ukubwa wake. Akishaiona na kuridhika, hana tena hiari kwa kasoro hiyo.

Madalali nao wasijione wako pembeni. Ghazali katika Ihya amesimulia kuwa Wathila bin al-Asqa (R.A.) alimwona mtu akiuziwa ngamia kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipoondoka, Wathila akamkimbilia akamwambia kwamba ukwato wa ngamia una tundu, hauhimili safari. Ngamia akarudishwa, muuzaji akapunguza dirhamu mia, na akamlaumu Wathila kwa kumharibia biashara. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi. Ikiwa mpita njia aliyejua alilazimika kusema, vipi dalali anayekula fungu lake, au mjumbe aliyeshuhudia maji yakifika dirishani mwaka 2011 na leo anagonga muhuri?

Limebaki moja kwa upande wa mnunuzi, na wengi hupoteza haki zao hapa. Kwa Mashafi kurudisha kwa kasoro ni kwa haraka. Aliyegundua ufa, akaendelea kuishi humo na kupangisha vyumba huku akilalamika barazani, amehesabiwa kuwa ameridhia. Akigundua leo, na amwendee muuzaji au kadhi leo, asiitumie nyumba kwa namna ya mwenye kuridhika, na ashuhudishe watu wawili kuwa ameirudisha. Akiwa amekwisha kuvunja ukuta au kuongeza chumba kabla ya kugundua, basi hawezi kuirudisha kwa nguvu. Atadai upungufu wa thamani, na hapo ndipo mwashi ataitwa tena kukadiria.