Arduino, bodi ya Ivrea
Bodi ya Arduino ilizaliwa mwaka 2005 mjini Ivrea, kaskazini mwa Italia, katika chuo cha usanifu ambako wanafunzi walihitaji maikrokontrola ya bei nafuu kuliko BASIC Stamp waliyokuwa wakiitumia. Massimo Banzi na wenzake waliijenga juu ya Wiring, jukwaa la kuprogramu maikrokontrola, kazi ya shahada ya uzamili ya Hernando Barragán kutoka Kolombia, iliyoanza mwaka 2003. Mchango huo mkubwa husahauliwa mno. Uno, toleo la Arduino la mwaka 2010, ina pini 14 za dijitali. Anayejifunza huichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, huipakia mistari michache ya programu, na kitaa cha pini ya 13 huanza kuwaka na kuzimika. Michoro ya bodi za Arduino iliachwa wazi, ndiyo maana viwanda vya China viliweza kutengeneza nakala za bei ya chini.